Mwaka wa Baiskeli na Siku Kumi na Moja

Mwezi uliopita daktari wa macho alimwambia mke wangu asiendeshe tena gari. Alimwambia kwa adabu, huku akimwonyesha picha ya jicho lake kwenye kioo cha kompyuta, jekundu lenye mito mito kama ramani ya nchi yenye ukame. Zuwena alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamwombea dua, kisha akatuendesha mpaka nyumbani, kwa kuwa hapakuwa na mwengine wa kutuendesha. Tulipofika Azaiba, mtaa wetu hapa Muscat, aliegesha gari chini ya turubai, polepole, akaingia ndani na kuuweka ufunguo juu ya meza ya kulia, mbele yangu, kando ya kisahani cha ndimu. Niliutazama ule ufunguo kama mtu anavyomtazama nyoka aliyemdhani ameshakufa. Nina miaka sitini na tisa. Sijashika usukani wa gari tangu nilipokuwa na thelathini, leseni yangu ilikufa zamani, na sababu ya yote hayo ni maneno yasiyozidi mstari mmoja niliyoyasema barazani, alasiri ya Alkhamisi.

Wanangu wanaijua hadithi hii, ila wanaijua kama inavyosimuliwa na watu: kwamba baba yao alikuwa mpanda baiskeli wa Muscat kabla ya jambo hilo kuwa fasheni. Siku hizi kila Ijumaa asubuhi wanapita vijana hapa njia ya pwani, na kofia ngumu na suruali za kubana, na kuna wakati mmoja wao alisimama akataka kupiga picha na mimi kwa sababu kaambiwa mimi ndiye wa mwanzo. Nilisimama nikapigwa. Sikumwambia kwamba mimi sikupanda baiskeli kwa afya wala kwa mazingira. Nilipanda kwa sababu ya mdomo. Ya wazee wangu na jinsi tulivyofika hapa kutoka Unguja nayaacha, maana kila nyumba yetu hapa inayo hadithi hiyo na zote zinafanana. Mimi naanzia kwenye gari.

Ilikuwa gari ya Kijapani, rangi ya maziwa, na viti vyake vilikuwa bado vina nailoni ya dukani. Nilikataza ile nailoni isivuliwe, hata ikawa majira ya joto tukishuka nguo zinabanduka kwa sauti. Tulikuwa tukikaa Wattaya, nyumba ya kupanga, vyumba viwili na ukumbi, mimi na Zuwena, mwaka wa pili wa ndoa, hatujapata mtoto. Nilikuwa karani wa stoo katika ofisi moja ya serikali huko Ruwi. Na gari ile niliipenda hata nikasahau kwamba nina miguu. Nilikwenda nayo dukani kununua mkate, duka ambalo nikisimama mlangoni kwangu namwona muuza duka akipiga miayo. Nilikwenda nayo msikitini, na msikiti wenyewe nilikuwa nikikaa ukumbini kwangu namsikia muadhini akikohoa. Zuwena alikuwa akiniambia, "Sleiman, utakuja kusahau kutembea," nami nikimjibu kwamba waliotembea ni wazee wetu, sisi tumepumzishwa.

Barazani kwetu kulikuwa kwa Mbarouk, rafiki yangu tangu darasani, ambaye alikuwa na chumba cha mbele cha wanaume huko Hamriya, juu ya duka la mshona nguo. Chumba kilikuwa na mazulia mawili yaliyopandana, mito ya kuegemea, na harufu ya kahawa na ya pasi ya moto iliyokuwa ikipanda kutoka chini. Kila Alkhamisi alasiri tulikuwa watu sita au saba, na sahani ya halua katikati, na maneno. Siku hiyo maneno yalinigeukia mimi. Mbarouk alisema kwamba nikifa nisitiwe jenezani, nitiwe garini kwangu, maana sijui kutoka nyumbani kwa njia nyengine. Watu wakacheka, nami nikacheka. Akasema Malaika watakapokuja kunihoji watanikuta natafuta pa kuegesha. Wakacheka tena, na safari hii mimi nilikuwa nimeshika kikombe na sikucheka. Halafu akasema neno dogo tu, wala hakulisema kwa ubaya: kwamba wiki moja bila gari siiwezi.

Nikasema nauweza mwaka. Akasema, "Mwaka gani wewe, wiki." Hapo ndipo nilipoapa.

Lazima nieleze jambo hili kwa wasomaji wasiokaa na watu wetu. Mimi nimekua nikisikia wanaume wakiapa kwa talaka kama wengine wanavyosema wallahi. Mgeni akitaka kuondoka kabla ya chakula, mwenye nyumba humshika mkono akaapa kwa talaka kwamba hatoki bila kula, na mgeni hukaa, kwa sababu nani anataka kuondoka na ndoa ya mtu kwa ajili ya wali? Inahesabiwa kuwa ni ukarimu. Sikuwahi, mpaka nilipofika miaka thelathini, kujiuliza yule mke aliyeko jikoni akikaanga vitunguu anajisikiaje kusikia kwamba ndoa yake imewekwa juu ya sahani pamoja na kuku. Basi na mimi nikasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikiwa: nikitia mguu ndani ya gari kabla ya mwaka kutimia, mke wangu hana ndoa nami, talaka tatu.

Mbarouk aliweka kikombe akaniambia niseme astaghfirullah. Nilisema. Nikasema mara tatu. Lakini lilikuwa limeshatoka, na mashahidi sita walikuwa wamekaa na halua vidoleni. Kisha nikakumbuka kwamba gari iko nje, na ufunguo umo mfukoni mwangu, na Hamriya mpaka Wattaya si karibu.

Nilikwenda kwa miguu. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba njia ile ina mwinuko. Nilifika baada ya isha, viatu mkononi, na Zuwena akafungua mlango akatazama nyuma yangu, kisha akaniuliza iko wapi gari. Nikamwambia imeharibika. Hili ni kosa langu la pili, na kila nikizidi kuzeeka naliona kubwa kuliko la kwanza. La kwanza lilikuwa la hasira, na hasira ni pepo, huja na kupita. La pili nililifanya nikiwa nimetulia, nimekaa, ninakula mkate wa kumimina alioniwekea.

Asubuhi mke wa Mbarouk akapiga simu. Nilikuwa chooni nikinyoa ndevu, na nikausikia upande mmoja tu wa mazungumzo, upande wa Zuwena, ambao ulikuwa ni "ehe", halafu "ehe", halafu kimya, halafu "ahsante, shoga". Nilipotoka alikuwa amekaa kitandani, mikono juu ya magoti.

"Gari haina ubovu," akasema. "Kibovu ni kinywa."

Nikaanza kujieleza, kwamba ni mzaha wa barazani, kwamba Mbarouk ndiye aliyenichokoza. Aliniacha nimalize. Zuwena siku zote humwacha mtu amalize, na ndiyo adhabu yake.

"Umeniweka rehani kwa ajili ya kicheko," akasema. "Watu sita wanajua ndoa yangu inavunjika vipi, na mimi ni wa saba."

Siku ya pili tulikwenda kwa Sheikh mmoja, mzee wa mtaa wetu, mimi kwa miguu na yeye kwa miguu pia kwa hiari yake. Sheikh alikuwa anakula tende. Alinisikiliza huku akizipanga kokwa kwenye kisahani, moja moja, kama anayehesabu makosa yangu. Mimi nilikuwa nimesikia kwamba yamini ina kafara, mtu hulisha masikini yakaisha, nikamuuliza kuhusu hilo kwa matumaini. Akaniambia, kwa anavyojua yeye, ningekuwa nimeapa kwa Mola ningelisha masikini nikapona, lakini mimi nimeapa kwa mtoto wa watu. Akaniuliza nilikusudia gari ipi. Nikamwambia ukweli, kwamba nilipolisema nilikusudia yoyote, yangu na ya mtu, teksi na basi. Akauliza pikipiki. Nikasema sikuifikiria. Hapo sauti ya Zuwena ikatoka nyuma ya pazia: "Pikipiki asipande, Sheikh. Atakufa, mimi nikae eda."

Sheikh alicheka mpaka akapaliwa na tende. Halafu akanipa habari njema moja, kwamba mwaka ni wa mwezi, wa Kiislamu, si wa kalenda ya ofisini kwangu, na kwa hivyo nimepunguziwa siku kumi na moja. Niliipokea habari ile kama mfungwa. Lakini tulipokuwa tunarudi, Zuwena akasema bila ya kunitazama, "Huo ni mwaka wa Sheikh. Wangu nitauhesabu mwenyewe, wa siku mia tatu sitini na tano. Ukisha, nitakwambia kama nnakaa au nnakwenda kwa mama." Nikamuuliza atakuwa anahesabu nini hasa. Akasema, "Nitakutazama tu."

Siku chache baadaye kukatokea mjuzi mmoja pale barazani aliyeleta hila. Alisema nimwache Zuwena talaka moja tu, eda ipite, nitie mguu garini akiwa si mke wangu ili kiapo kiishe nguvu, kisha nimwoe upya. Nilimpelekea Zuwena shauri hilo nikidhani nimeleta dawa. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Akiniacha moja hatonioa tena," akaendelea kuchambua, kama anayezungumza juu ya mtu mwengine asiyekuwapo.

Basi nikanunua baiskeli. Niliinunua palepale Hamriya, kwa fundi mmoja wa Kihindi aliyeitwa Kuttan, aliyekuwa na kibanda upana wa mlango. Ilikuwa nyeusi, nzito kama kitanda, na keria nyuma na kengele iliyokuwa ikilia yenyewe kila nikipita kwenye shimo. Kuttan alinitazama, mimi na kanzu yangu nyeupe na kofia yangu iliyotariziwa, akaniuliza ni ya mfanyakazi wangu? Nikamwambia ni yangu. Akauliza tena kwa Kiarabu, kisha kwa Kihindi, ili ahakikishe. Nilikuwa nimeijua baiskeli utotoni Unguja, na wanasema haisahauliki. Mimi niliisahau. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye ndoo za plastiki zilizopangwa nje ya duka la jirani, na Kuttan akanisaidia kuziokota bila kucheka. Nilimpenda kwa hilo maisha yake yote.

Nilikuwa nimeapa mwezi wa Januari, na Januari ya Muscat ni kama peponi. Ningeapa Julai ningeapa wiki. Miezi ya mwanzo nilijiona bingwa. Nilijifunza kubana kanzu kwa vibanio vya nguo, viwili kila upande, na hata hivyo kila kanzu niliyokuwa nayo ikapata alama ya mafuta ya mnyororo kwenye pindo la kulia. Zuwena alizifua zote, akazipiga pasi, ila zile alama hakuzisugua. Nilipomwomba azisugue akasema anaziacha ziwe kalenda. Ofisini, mkubwa wetu aliniita akaniuliza kwa upole kama nimefilisika, na kama nimefilisika basi wenzangu wako tayari kunichangia. Wakati ule waliopanda baiskeli mjini walikuwa vibarua na wapeleka chai. Mtu wa kanzu juu ya baiskeli alikuwa ama ana msiba au ana wazimu, na mimi sikuweza kueleza kwamba nina mke.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yangu nzito, kwa sababu Ijumaa tulikula kwa mama yake Zuwena, hapa hapa Azaiba ninapokaa sasa, na safari ile kutoka Wattaya ilinichukua asubuhi nzima. Nilitoka baada ya sala ya alfajiri. Zuwena alipelekwa na ndugu yake, saa tatu au nne baada yangu, na kwa kawaida walinipita njiani. Bi Salma, mkwe wangu, hakunilaumu hata siku moja. Nilikaa chumba cha wanaume, miguu inatetemeka chini ya kanzu, nikisikia jikoni wanawake wakizungumza bila kujali kama nasikia au la. Harufu ya mchuzi wa papa ilikuja kwanza, kisha maneno. Siku moja nilimsikia Bi Salma akipakua: "Kuku huyu mpelekeeni Sleiman. Mguu. Ndoa ya mwanangu iko miguuni mwake." Wakacheka wote. Tangu hapo kila Ijumaa nililetewa mguu, na sikuthubutu kutaka kidari. Siku nyengine nikamsikia shangazi yake akimuuliza kwa sauti ya chini, lakini ukuta ulikuwa mwembamba, kama baada ya mwaka huu atakaa. Niliacha kutafuna. Zuwena akajibu, "Nnahesabu." Mimi na paja la kuku tukatazamana. Mpaka hapo nilikuwa naogopa gari peke yake. Kuanzia Ijumaa ile nilianza kumwogopa yeye, na ilikuwa haki yangu.

Gari, ambayo Mbarouk alituletea nyumbani, ilikaa nje miezi mitatu ikipigwa vumbi. Siku moja nilirudi nikaikuta imeoshwa na ile nailoni ya viti imevuliwa imetupwa. Zuwena alikuwa ameanza kujifunza kuendesha, na mwalimu mwanamke aliyekuwa akija asubuhi nikiwa kazini. Hakuniomba ruhusa, na mimi nilikuwa nimeshapoteza uso wa kuombwa ruhusa. Mtihani wa leseni hapa ulikuwa na sehemu ya mapipa, unarudi nyuma kwa gari katikati ya mapipa bila kuyagusa, na mimi katika ujana wangu niliyagonga mara tatu kabla ya kupita. Yeye alipita mara ya kwanza. Alinionyesha ile leseni wakati wa chakula, akaiweka kando ya sahani yangu, akasema mtahini amemwambia ana utulivu. "Nimemwambia nimeolewa," akasema. "Utulivu nimeupata huko."

Basi mambo yakawa hivi: nikipanda ule mwinuko wa kutoka Ruwi, saa nane na nusu mchana, jasho linaingia machoni, nasikia honi nyuma yangu, na gari yangu rangi ya maziwa inanipita na mke wangu ndani yake, miwani ya jua usoni, amekaa wima kama balozi. Hakuweza kunipakia. Angenipakia angeachika. Lakini alipunguza mwendo, akashusha kioo, akaniletea chupa ya maji ya barafu. Siku ya kwanza nilipeleka mkono nao ukaingia dirishani, naye akaivuta chupa haraka. Nikamwambia kiapo ni cha mguu. Akasema, "Hatubahatishi," akaiweka chupa juu ya ukuta wa daraja, akaondoka.

Julai ikafika, na pamoja nayo mzee mmoja. Jambo ambalo sikulifikiria nilipoapa ni huruma ya watu wa nchi hii. Mtu wa kanzu juu ya baiskeli kwenye jua la Julai hapiti kilomita moja bila gari kusimama. Walinisimamia wanajeshi, madaktari, watu wa maharusi. Niliwashukuru nikawaambia napenda mazoezi. Walio wengi walitikisa kichwa wakaenda zao. Yule mzee hakuwa katika walio wengi. Alikuwa mtu wa milimani, ndevu nyeupe, na gari ya mizigo yenye mbuzi mmoja amefungwa nyuma. Alisimama mbele yangu, akashuka, akaniamuru niingie. Nikamshukuru. Akashika keria ya baiskeli. Nikamwambia napenda mazoezi. Akaniambia hakuna mazoezi katika jua hili, kuna kufa tu, na kabla sijamzuia akaapa kwa talaka kwamba haondoki akaniacha juani.

Nilikaa chini pembeni ya barabara. Nilimweleza, kwa Kiarabu changu, kwamba na mimi nimeapa, na nimeapa nini. Kisha akakaa chini na yeye. Tulikuwa wanaume wawili kwenye vumbi, na wake wawili, mmoja Wattaya na mmoja sijui kijiji gani, ambao ndoa zao zilikuwa zimekaa hapo katikati yetu, na wao hawana habari. Mimi nikiingia garini Zuwena ameachika. Yeye akiingia akaniacha, mkewe ameachika. Mbuzi akawa analia. Mwishowe mzee akauliza kivuli cha karibu kiko wapi, maana yeye ameapa juu ya jua, hakuapa juu ya kivuli. Nikamwonyesha mbele, kwenye duka moja kubwa la kuuza magari. Akafunga gari yake, akamfungua mbuzi kwa sababu naye hawezi kuachwa juani, na tukaenda kwa miguu, mimi nasukuma baiskeli, yeye anavuta kamba.

Tuliingia dukani tukakaa kwenye sakafu ya marumaru, penye baridi, kati ya magari mapya. Muuzaji, kijana mwenye tai, alitukaribisha vizuri, sijui kwa adabu au kwa woga wa mbuzi. Alituletea maji. Kisha akafungua mlango wa gari iliyokuwa karibu nami, akasema kwa tabasamu, karibu, bwana, kaa ndani ujaribu kiti, haina gharama. Mimi nilirudi nyuma kwa matako mpaka ukutani. Mzee alicheka kicheko ambacho sijakisikia tena, kicheko cha mtu anayelia, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. Tukakaa mpaka jua likalegea. Na hapo, mbuzi amelala baina yetu, aliniambia maneno niliyoyabeba mpaka leo. Alisema ana miaka hamsini na mkewe. Amemwapia kwa wali, kwa mbuzi, kwa wageni asiowajua, na leo kwa mpanda baiskeli. "Na yeye," akasema, "hajaniapia mimi hata kwa kikombe cha maji."

Jioni nilimsimulia Zuwena yote. Nilipofika kwenye mbuzi kuingia dukani aliweka kijiko chini akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Januari, akacheka mpaka akashika ubavu. Nami nikaona hapa ndipo pa kumwomba radhi, mlango umefunguka. Nilifungua kinywa nikamwambia yaliyosemwa na mzee. Akaacha kucheka. Akaniuliza, "Na wewe ulimjibu nini?" Nikasema sikumjibu. Akasema, "Ehe," akaondoa sahani. Nilikuwa nimekaribia, nikaiacha nafasi ipite. Nilidhani zipo siku nyingi.

Mwaka wa Sheikh ulitimia siku ya Jumatatu. Mbarouk, ambaye mwaka mzima hakuwa amelala vizuri kwa kujiona ndiye chanzo, alikuja asubuhi na gari yake imefungwa utepe, na bakuli la halua mapajani, na wawili katika wale mashahidi kiti cha nyuma. Akasimama mlangoni kwangu akafungua mlango wa mbele kama anayempokea bwana harusi. Majirani wakatoka. Zuwena alikuwa dirishani. Hakuniita, hakutikisa kichwa. Alikuwa ananitazama tu, kama alivyoniahidi.

Nikatia vibanio kwenye kanzu.

"Sheikh kasema imekwisha," akasema Mbarouk. "Tena bila shaka yoyote."

"Sheikh kamaliza wake," nikamwambia. "Mwenyewe hajamaliza."

Nikapanda baiskeli nikaenda kazini, na Mbarouk akanifuata nyuma kwa gari yenye utepe mpaka Ruwi, polepole, akinisihi kupitia dirishani. Siku zile kumi na moja hapakuwa na kiapo, wala talaka, wala mguu wa kuku uliokuwa na kazi. Ningepanda gari yoyote mjini na hakuna mtu ambaye angenilaumu. Zilikuwa ngumu kuliko Julai. Nyumbani Zuwena alikuwa kama kawaida, akipika, akiuliza habari za ofisini, na mimi kila usiku nikitazama kama sanduku lake limesogea juu ya kabati. Siku ya kumi nilikuta limeshushwa. Sikulala. Asubuhi nikaona alikuwa anatafuta blanketi.

Siku ya kumi na moja, nikipanda mwinuko baada ya kazi, nilisikia honi. Gari ikanipita, ikasimama mbele yangu. Nilidhani ni chupa ya maji. Lakini kioo hakikushuka. Zuwena aliinama upande wa pili, akaufungua mlango wa abiria kwa ndani.

"Ingia," akasema.

Nikasimama pale na baiskeli yangu kama mtu aliyeamshwa. Nikamuuliza, na baiskeli je?

"Iache hapo. Baiskeli haina mke."

Niliifunga kwenye nguzo ya taa. Niliingia kwa mguu wa kulia, nikakaa, na kiti kile bila nailoni kilikuwa kitamu ajabu. Alitia gia. Mpaka Wattaya hakusema kwamba nimesamehewa, na mimi sikuuliza, kwa sababu nilikuwa na furaha, na mwenye furaha ni mvivu. Mwezi wa pili wake tulijua kwamba Aisha, mtoto wetu wa kwanza, yuko njiani. Usukani haukurudi kwangu, hakuninyima, sikuutaka. Alinipeleka kazini mpaka nilipostaafu, alimpeleka mama yake hospitali, alinipeleka kumzika Kuttan na kumzika Mbarouk. Yamini ya talaka sikuitamka tena, wala katika nyumba yangu haikutamkwa. Lakini neno moja nilibaki nalo kinywani miaka thelathini na tisa, nami siku zote nikijiambia analijua.

Sasa ufunguo uko mezani. Watoto wameshauri tuajiri dereva, na ataajiriwa. Baiskeli nimeitoa stoo nikaipa upepo, naweza kufika nayo dukani nikarudi na mkate, kwa mwendo ambao majirani wanapata nafasi ya kunisalimia mara mbili. Jana alasiri nilirudi na mkate wangu nikasikia gari inaunguruma chini ya turubai. Nikaenda mbio, mbio zangu hizi. Zuwena alikuwa amekaa mbele ya usukani, kiyoyozi kimewashwa, redio inasoma habari, mikono yake imeshika usukani mahali pake pa siku zote, na mbele yake ukuta wa nyumba yetu. Alinisikia, akainama, akanifungulia mlango wa abiria.

"Ingia," akasema. "Siendi mahali."

Niliushika mlango lakini sikuingia. Nilisimama hapo na mkate kwapani.

"Zuwena," nikamwambia, "lile neno nililolisema kwa Mbarouk. Sikukuomba radhi hata siku moja. Nnakuomba."

Alitazama mbele, kwenye ukuta, kama mtu anayesubiri gari za mbele zisogee.

"Nilikwambia nahesabu," akasema. "Ulidhani nahesabu siku." Akanyoosha kioo cha kutazamia nyuma, ambacho hakikuwa na la kumwonyesha. "Haya, umesema. Funga mlango, baridi inatoka."